Somo la Tisa: Kutengeneza Upya Jiko la Nyumba ya Zamani

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Hamjambo nyote mliokusanyika darasani, chini ya mti, au barazani kwa jirani mwenye redio. Na wewe unayesoma kijitabu hiki peke yako, ukifuatisha kidole chini ya mstari, hujambo? Usione haya kusoma polepole. Polepole ndio mwendo.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Leo twaingia jikoni. Tutajifunza jinsi mtu awezavyo kutengeneza upya jiko la nyumba ya zamani kwa mikono yake mwenyewe, bila ya fundi wa kulipwa na bila ya gharama kubwa.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Neno "jiko" lina maana mbili. Jiko ni chumba cha kupikia, na jiko ni mahali penyewe panapowaka moto. Tukizichanganya tutapotea. Kwa hiyo katika somo hili, nikitaja chumba nitasema "chumba cha jiko". Nikitaja mahali pa moto nitasema "meko".

KWA NINI TUJISUMBUE?

Wengi wetu twakaa katika nyumba zilizojengwa na baba zetu, au na babu zetu. Nyumba kubwa imepata bati jipya. Imepata rangi, imepata viti. Lakini chumba cha jiko kimebaki vile vile. Kuta zina masizi. Nguzo zimeliwa na mchwa. Mgeni akija hukaribishwa sebuleni, haingii jikoni. Basi nani ataona ubaya wa chumba kile? Auonaye ni mama anayepika, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Watu husema moshi ni mazoea tu. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani duniani kote. Katika hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Moshi huleta ugonjwa wa mapafu na wa moyo kwa watu wazima. Kwa watoto wadogo huleta homa ya mapafu, yaani nimonia. Mtoto hakuzoea moshi. Mtoto anauvuta tu, kwa kuwa hana pa kwenda.

KISA CHA SHANGAZI YANGU

Sasa nitakusimulia kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Mimi ni mtu wa milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Kule kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai, na watu hupenda kukaa karibu na moto. Shangazi yangu ana nyumba ya miti na udongo, na chumba cha jiko kimejengwa kando ya nyumba. Marehemu mume wake alikijenga mwaka wa 1979. Nami nilipokwisha kupata stashahada yangu ya chuo kikuu na kuajiriwa katika kazi ya elimu, nilijiona mtaalamu wa kila jambo. Nikachukua likizo. Nikapanda mlima na mifuko 3 ya saruji, nikamtengenezee shangazi jiko la kisasa.

Sikumwuliza neno. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha nikamwambia akakae kwa jirani siku nne, na akirudi atashangaa. Kweli alishangaa, lakini si kama nilivyotazamia.

Nilifanya mambo matatu. Nilimwaga sakafu ya saruji. Nikapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, ukawa laini kama wa ofisi. Kisha nikaona uwazi uliokuwa kati ya ukuta na paa, upana wa kiganja, umezunguka chumba chote. Nikadhani ni uzembe wa mjenzi. Nikauziba wote, nzi wasiingie na baridi isiingie.

Jioni ile shangazi aliwasha moto apike ugali. Haukupita muda mrefu tukawa hatuonani. Mjukuu wake wa miaka 2 alikohoa hata akatapika. Shangazi akambeba, akatoka naye nje, akaketi penye baridi huku machozi yanamtiririka. Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau:

"Mwanangu, jiko hili ni zuri la kutazama. Lakini mimi sikai humu nikatazama, nakaa nikapika. Ule uwazi wa juu marehemu aliuacha makusudi. Ndio uliokuwa mlango wa moshi."

Mtoto aliugua kifua juma zima. Tulimpeleka zahanati, na kwa bahati alipona. Asubuhi ya pili nilipanda ngazi na nyundo, nikaanza kubomoa kile nilichokijenga. Na ile lipu ya saruji? Mvua za masika zilizofuata zilipokwisha, ilikuwa imeachana na ukuta. Ikaanguka vipande vipande kama maganda ya yai.

Mwaka uliofuata tulianza upya. Safari hii msimamizi wa kazi alikuwa shangazi, na mimi nilikuwa kibarua wake. Haya nitakayokufundisha leo ni yale tuliyoyafanya mara ya pili. Yashike kwa maneno haya manne: moshi kwanza, uzuri baadaye.

KAZI YA KWANZA: KETI UTAZAME

Usianze na jembe wala na nyundo. Anza na kigoda. Ingia katika chumba cha jiko wakati wa kupika chakula cha jioni, uketi mpaka chakula kiive. Kama mpishi ni wewe mwenyewe, mama au dada, basi siku moja pika huku ukijitazama kama mgeni. Jiulize maswali haya:

Moshi unakwenda wapi? Unatoka, au unarudi kichwani?

Upepo unavuma kutoka upande gani asubuhi, na upande gani jioni?

Mpishi anapika ameketi au amesimama? Magoti yake na mgongo wake vyasemaje?

Maji yako wapi, kuni ziko wapi, na vyombo viko wapi? Hesabu hatua anazokwenda mpaka ugali uive.

Mtoto anakaa wapi wakati wa kupika?

Tena, ingia humo siku ya mvua. Tazama paa linavuja wapi, na maji ya nje yanasimama wapi. Yaandike yote haya katika daftari lako. Ukurasa ule mmoja utakuokolea fedha nyingi.

Shangazi yangu alinifundisha jambo katika maswali haya. Mimi nilidhani mzee kama yeye atapenda meko ya chini, ya kukalia kigoda. Akasema, "Magoti yangu mabovu, mwanangu. Kuinama naweza, kuinuka siwezi. Nijengee ya kusimama." Kama nisingeuliza, ningejenga tena kitu cha kubomoa.

KAZI YA PILI: NGUZO NA PAA

Kabla ya kupamba chumba, hakikisha hakitakuangukia. Chukua kisu chenye ncha. Kidunge katika kila nguzo, karibu na ardhi. Kisu kikigoma, nguzo ni nzima. Kikiingia kama katika muhogo uliochemshwa, nguzo imekwisha liwa.

Nguzo mbovu hubadilishwa moja moja. Nasema tena: moja moja. Kabla ya kuiondoa, chukua mti mwingine imara, uusimamishe kando yake uwe mhimili wa kubeba mwamba wa paa. Usitoe nguzo mbili kwa siku moja, na watoto wasiwe ndani. Nguzo mpya usiichimbie udongoni kama ya kwanza. Ijengee kitako cha mawe au cha matofali ya kuchoma, kiinuke juu ya ardhi kiasi cha futi 1. Mti usipogusana na udongo, maji hayauozeshi upesi. Mchwa naye hana njia ya siri; akitaka kupanda itambidi ajenge kichuguu chake juu ya mawe, nawe utakiona na kukibomoa.

Kisha ziba matundu ya paa. Ukuta wa udongo waweza kuishi miaka mingi sana ukiwa na mambo mawili: kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa linalotokeza nje ya ukuta, maji yasipige ukuta. Viatu ni msingi mkavu, na mfereji wa kuondoa maji ya mvua. Chimba mfereji huo sasa, wala usingoje mvua.

KAZI YA TATU: MPE MOSHI NJIA

Hewa ya moto hupanda juu, na hewa ya baridi huingia chini ishike nafasi yake. Basi chumba cha jiko chataka matundu ya namna mbili: tundu la chini la kuingiza hewa, na tundu la juu la kutoa moshi. Mlango watosha kuwa tundu la chini. Tatizo letu ni tundu la juu.

Kama kuna uwazi kati ya ukuta na paa, usiuzibe. Ukitaka kuzuia panya na ndege, weka wavu wa waya.

Kama hakuna uwazi, toboa dirisha. Liwe upande unaoelekeana na mlango, ili upepo upite kati. Liwe juu, karibu na paa. Dirisha la kiunoni huingiza mwanga, lakini moshi ulioko juu halitoi.

Namna ya kutoboa ni hii. Chagua mahali kati ya nguzo mbili, usikate nguzo. Ondoa udongo kwanza, fito zibaki wazi. Weka mti mnene mlalo juu ya mahali patakapokuwa dirisha, uufunge imara katika nguzo za pande zote mbili. Mti huo ndio utakaobeba ukuta wa juu. Kisha ndipo ukate fito zilizo chini yake. Ukikata fito kabla ya kuweka mti, ukuta wa juu utashuka.

Sasa washa moto, utazame. Moshi ukianza kutoka, umefanya nusu ya kazi yote, na hujanunua kitu isipokuwa misumari na waya.

KAZI YA NNE: MEKO MAPYA

Mafiga matatu ni mazuri kwa jambo moja: chungu cho chote kinakaa. Lakini moto wake huwaka pande zote, na joto lingi huliwa na upepo. Meko ya udongo yenye dohani, yaani bomba la moshi, huukusanya moto chini ya sufuria na kuutoa moshi nje.

Hapa kuna ujanja ambao wenzetu wa Uganda wameutumia sana. Hutumia udongo wa kichuguu, na kalibu yao ni shina la mgomba. Hakuna chuma cha kununua.

Tafuta udongo wa kichuguu, au udongo mwingine wa mfinyanzi. Uponde, uuchekeche. Tafuta pia pumba za mbao kutoka kwa wapasua mbao, au nyasi kavu zilizokatwa vipande vidogo sana. Kwa nini pumba? Udongo mtupu ni mzito, nao hunywa joto kabla sufuria haijapata. Ukichanganya pumba, zitaungua ndani ya udongo na kuacha vitundu vidogo vya hewa. Vitundu hivyo huzuia joto lisipotee.

Kila udongo una tabia yake. Kwa hiyo fanya majaribio. Finyanga matofali madogo 3. La kwanza, vikombe 3 vya udongo kwa kikombe 1 cha pumba. La pili, vikombe 2 kwa 1. La tatu, kikombe 1 kwa 1. Yaanike kivulini juma moja. Chagua lile lililo jepesi, lakini halimeguki ukilibana kwa mkono. Mchanganyiko wa tofali hilo ndio utakaojengea.

Jenga kwanza jukwaa la mawe au matofali, urefu wa kumfaa mpishi. Likae mbali na mlango, upepo usipige moto, nalo lisiguse nguzo ya mti. Kisha kata shina la mgomba lenye unene wa inchi 5 hivi. Kipande kimoja kilaze: hicho ni mdomo wa kuni. Kipande cha pili kisimamishe mwisho wa kile cha kwanza: hicho ni chumba cha moto, na juu yake itakaa sufuria ya kwanza. Kipande cha tatu kiegemeze kutoka juu ya cha pili mpaka mahali pa sufuria ya pili. Kipande cha nne kitoke hapo mpaka kwenye dohani. Hiyo ndiyo njia ya moto: huingia, hupanda, hupita chini ya sufuria ya kwanza, huenda ya pili, kisha moshi hutoka nje.

Funika vipande vyote kwa udongo wako, ukishindilia kwa ngumi tabaka kwa tabaka. Ukifika juu, chukua sufuria za mpishi mwenyewe, zile anazozitumia kila siku. Zilowe maji, uzididimize katika udongo mbichi, uzizungushe. Zitajitengenezea makao yao. Acha nafasi nyembamba kama unene wa kidole kati ya sufuria na udongo wa pembeni, moto upite na kuikumbatia. Lakini ukingo wa juu uguse sufuria, moshi usitoke hapo.

Dohani ijengwe kwa matofali, nayo itoke kwa kupita ukutani, kisha ipande nje. Pale inapopita ukutani, ondoa fito zote zilizo karibu, uzibe mahali pake kwa udongo mtupu. Kama paa lako ni la nyasi au makuti, usipitishe dohani katikati ya paa kabisa. Cheche moja yatosha kuteketeza nyumba. Ipande mbali na ukingo wa paa. Kama paa ni la bati, kilele cha dohani kipite juu ya paa kwa futi 3, upepo usirudishe moshi.

Baada ya hapo, subiri. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Meko yakauke juma 3, na wakati wa mvua zaidi. Udongo ukianza kushika, kata mashina ya mgomba kwa kisu, uyatoe vipande vipande. Siku ya kwanza washa moto mdogo wa vijiti. Siku ya pili ongeza kidogo. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, meko yatapasuka nawe utanilaumu mimi.

Weka kijiwe bapa ndani ya mdomo wa kuni, kuni zilale juu yake. Hewa itapita chini yake, na moto utawaka safi. Tumia kuni kavu, chache kwa mara moja. Na kila mwezi safisha masizi ya dohani. Dohani iliyoziba ni sawa na dirisha lililofungwa.

KAZI YA TANO: UKUTA NA SAKAFU

Sasa twaweza kutafuta uzuri. Lakini kumbuka maganda ya yai. Ukuta wa udongo hauvai saruji. Udongo hutanuka ukipata unyevu, na hunywea ukikauka; saruji haifanyi hivyo. Basi vitu hivyo viwili haviishi pamoja. Tena saruji hufungia unyevu ndani, na fito zikaoza.

Ukuta wa udongo husilibwa kwa udongo. Kwangua masizi yote, ulowe ukuta kwa maji. Changanya udongo, mchanga na samadi mbichi ya ng'ombe. Siliba kipande kidogo kwanza, upana wa mkeka wa kuswalia, ungoje kikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikipukutika ukikisugua, ongeza udongo. Kikikaa vizuri, endelea na ukuta wote. Kisha paka chokaa. Ukuta mweupe hurudisha mwanga, na chumba kilichokuwa giza mchana kitaonekana kama kimeongezwa dirisha.

Sakafu ya saruji si mbaya, mradi ardhi iwe imeshindiliwa sana na kutandazwa mawe madogo. Isakafu iwe na mteremko kidogo kuelekea mlangoni, maji ya kuoshea yatoke. Asiye na saruji ashindilie udongo wa kichuguu, ausilibe mara kwa mara. Sakafu ngumu ya udongo ni bora kuliko saruji iliyopasuka.

Mwisho, jenga kichanja nje, penye jua, cha kuanikia vyombo. Ndani weka rafu ya vyombo vya kupikia, karibu na mkono wa mpishi. Na jenga kiukuta kifupi cha kumtenga mtoto na moto.

MAMBO MATATU YA HATARI

La kwanza, mkaa. Katika nchi za baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Mtu husikia kichwa kinamwuma na usingizi unamzidi, kisha haamki. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata likionekana limezimika.

La pili, paa la zamani la vigae vya asbesto, hasa katika nyumba za mjini. Usilikate, usilitoboe, usilivunje. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Uliza ofisi ya afya kabla ya kuligusa.

La tatu, nyaya za umeme za zamani. Udongo ni kazi yako. Umeme ni kazi ya fundi wa umeme.

NENO LA KUFUNGIA

Msikilizaji mmoja ataniuliza, "Bwana, si afadhali nipikie gesi?" Ni afadhali kweli. Meko ya dohani hupunguza moshi, hayaumalizi. Mwaka wa 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka wa 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Mwenye uwezo wa gesi au umeme asingoje. Lakini hata mtungi wa gesi wataka chumba kisichovuja, chenye kupitisha hewa. Kazi uliyoifanya haitapotea.

Wazee mliomo darasani mnakumbuka mwaka wa 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, kijitabu mkononi, kama mlivyokaa leo. Hawakuishia kusikiliza. Walipoinuka walishika majembe, wakachimba vyoo. Nasi somo letu la leo halitahesabiwa kuwa limesomwa mpaka dirisha moja litobolewe.

Na shangazi yangu? Siku hizi nikienda kumwamkia hanikaribishi sebuleni. Hunikaribisha jikoni. Yeye husimama anapika, mjukuu amekaa kiukuta cha pili anaandika herufi zake kwa makaa ukutani, juu ya chokaa yangu. Nilipotaka kumkemea mtoto, shangazi akanizuia. "Mwache," akasema. "Zamani humu hata ukuta wenyewe ulikuwa hauonekani."

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo la kumi.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

moshi, masizi, meko, dohani, nguzo, mwamba, fito, kichuguu, pumba, siliba, kichanja

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini marehemu aliacha uwazi kati ya ukuta na paa?

2. Kwa nini dirisha la kutoa moshi liwe juu, na si kiunoni?

3. Nguzo mbovu zibadilishwe ngapi kwa siku moja? Eleza sababu.

4. Lipu ya saruji ilianguka kutoka ukuta wa udongo. Kwa nini?

5. Katika nyumba yako, nani anapika? Umewahi kumwuliza angependa meko yake yawe namna gani?

KAZI YA NYUMBANI

Keti katika chumba cha jiko jioni moja. Andika sentensi tano juu ya njia anayopita moshi. Zilete darasani juma lijalo, uwasomee wenzako.